Changu Kiko Kazini

Siku ya kwanza alipoingia dukani kwangu Mazwi, Mzee wa Maabara alinitukana bila kufungua mdomo. Aliagiza kilo tano za unga wa jipsamu. Nilipoziweka kwenye mizani, na kabla sijafunga mfuko, akachomoa kwenye kikapu chake chupa ya maji ya lita moja, akaipandisha juu ya mizani yangu, akainama kusoma. Lita moja ya maji ni kilo moja, na yeye alitaka kujua kama mizani yangu nayo inalijua hilo.

"Iko sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetarajia vingine.

"Mzee, duka hili ni la tangu enzi za marehemu baba," nikamwambia. "Hatujawahi kuletewa maji ya kutupima."

"Basi leo mmepimwa, mwanangu," akajibu, akabeba unga wake akaenda. Jioni nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mtu huyo angenifaa sana, kwani mimi nimezoea kusifiwa.

Sitasema alizaliwa wapi wala kwa nani. Hayo watayasema ndugu zake. Jina lake nalijua, ila sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa msimamizi wa maabara ya udongo katika kampuni iliyokuwa ikijenga barabara huku kwetu, na Sumbawanga nzima ilimwita hivyo hivyo, Mzee wa Maabara. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kijivu lililojaa kalamu, na alipokuwa akipima kitu alihesabu kwa Kifipa, polepole, midomo ikicheza. Neno lake kubwa lilikuwa "pima tena." Aliwaambia hivyo mafundi wake, aliniambia mimi, na nilishamsikia akimwambia muuza maharage sokoni, ambaye hakufurahi.

Tulizoeana kwa sababu ya ugomvi. Kambi ya kampuni ilipojaa, walipanga uwanja wa nyuma ya nyumba yetu Chanji, wakajenga chumba cha maabara na stoo kwenye kona. Nilikubali haraka, nikidhani ni watu wa kuchekecha mchanga tu. Wiki ya pili nikaona mlangoni pa stoo kibao cha njano chenye alama nyeusi ya mapanga matatu kama ya feni. Nikamfuata Mzee nikamuuliza ni kitu gani. Hakunificha hata kidogo. Alinieleza kwamba mle ndani mna mashine ndogo ya kupimia kama barabara imeshindiliwa vizuri, na kwamba inafanya kazi kwa mionzi ya nyuklia.

Nilipandwa na mori. Mama yangu alikuwa hatembei tena wakati huo. Kitanda chake kilikuwa dirishani, ili aone watu na kuku, na kutoka dirisha lile hadi stoo ni hatua kumi na tano, nilizihesabu mwenyewe.

"Mama yangu analala pale," nikasema, "wewe unaniletea bomu?"

"Si bomu. Mashine ina kinga yake ndani, na kwa hatua hizo mama hapati kitu. Nimepima." Akageuka kufungua mlango wa stoo. "Kinachoninyima mimi usingizi ni moto."

Akanifungulia kasha walilopewa la kuhifadhia mashine. Lilikuwa la mbao, limejazwa nta na kuzungushiwa bati la madini ya risasi. Alilipiga kofi kama mtu anayempiga kofi ng'ombe mkaidi. "Nta inawaka. Risasi inayeyuka. Kasha hili linafaa mahali pasipokuwa na moto, na mimi mahali hapo sijapaona Ufipa hii mwezi wa nane ukiingia."

Hapo alisema kweli. Nyasi za uwandani zikishakauka, mtu mmoja akichoma shamba lake, au akifukuza panya wa kula, upepo unamalizia vilima vyote. Nikampa mwezi mmoja. Ama aweke kitu kisichoungua, ama mimi nang'oa kibao chake na stoo yake. Kampuni ilisema kasha linatosha. Yeye akasema halitoshi, na kuanzia siku hiyo akawa anakuja dukani karibu kila asubuhi.

Namna alivyonifundisha mambo yale, hata leo naweza kumfundisha mtu mwingine. Alisema kwenye mashine ile mna mionzi ya aina mbili. Aina moja inapenya chuma bila shida yoyote, lakini maji yanaichosha. Ikishachoka, kuna unga unaitwa boraksi, ule mweupe wa masonara, ambao unaimeza. Aina ya pili haijali maji wala boraksi. Hiyo inataka kitu kizito cha kuizuia. Kwa hiyo alihitaji jiwe moja lenye maji, lenye boraksi, lenye uzito, na lisiloungua.

"Jiwe lenye maji?" nikamuuliza. "Mzee, umekula?"

Akachota jipsamu yangu kiganjani. Alisema unga ule ukishakorogwa na kuganda, maji hayaondoki, yanafungwa humo ndani ingawa mkono unahisi pakavu. Ukilichoma jiwe la namna hiyo, kwanza lazima moto uyatoe maji hayo yote, na moto hauna subira hiyo. Nilikuwa nimeuza unga ule kwa mafundi wa dari miaka kumi na mbili bila kujua kwamba nauza maji makavu. Siku hiyo nilipofunga duka niliusogelea mfuko mmoja nikauangalia kwa adabu mpya.

Uzito aliutafuta kwa mababu. Huku uwandani yako bado magofu ya matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Wenyewe huyaita malungu, moja ni lilungu. Kando ya kila moja pana lundo la mabonge meusi yaliyobaki, mazito ajabu, ambayo kwa Kiswahili cha wahunzi ni mavi ya chuma. Mzee alilitamka jina hilo mbele ya mama yangu bila haya, na mama akasema amewahi kusikia Wafipa wana mali zilizofichwa, ila hakujua kama ni hiyo. Wakataniana nusu saa nzima.

Lakini kwenye tanuru lenyewe hakuwa na utani. Nilimpeleka kwa gari langu, nikashuhudia. Alimwendea kwanza mwenye shamba, akamwamkia, akamweleza mpaka kikongwe yule akaelewa: tunataka mabaki tu, lilungu hatuligusi. Alipopewa ruhusa, alivua kofia, akaokota bonge moja moja kutoka pembeni. Sehemu yoyote iliyokuwa imeegemea ukuta wa tanuru aliiacha. Niliuliza kwa nini haweki tu kokoto za barabarani, kampuni inazo malori. Akanipa bonge nilishike mkono mmoja na kokoto mkono wa pili. Nilielewa kabla hajasema neno.

"Hawa walipima kwa jicho," akasema, akitazama gofu. "Mimi nina mashine ya mamilioni ndiyo kwanza nawafuata nyuma."

Akasaga, akachekecha, akachanganya. Na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu boraksi ina tabia moja: inaizuia jipsamu kuganda. Matofali yake ya kwanza yalibaki uji. Siku ya kwanza uji, ya pili uji, ya nne uji wenye ngozi juu. Mwezi niliompa ulikuwa unakwisha, na mimi si mtu wa kuongeza siku. Alikuja kukaa kwenye kiti karibu na dirisha la mama, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, akamlalamikia kama mtoto.

Mama hakujua nyuklia. Alijua mikate. Maisha yake yote alibakiza donge la unga wa leo ili liumushe wa kesho, na hakuwahi kununua hamira.

"Umeweka chachu ya jana?" akamuuliza.

Mzee akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akainuka bila kuaga, akaja dukani mbio, akaomba vipande vya dari iliyovunjika, vile ambavyo huwa natupa. Alivitwanga kwenye kinu mpaka vikawa vumbi, jipsamu iliyokwisha kuganda zamani, akaanza kuitia kwenye uji wake, kijiko, kisha viwili, kisha vitatu, akiandika kila kipimo. Kufikia mchana wa pili, tofali moja liligonga kama mlango. Alilibeba mikononi hadi kitandani kwa mama kumwonyesha. Mama akaligonga kwa ukucha, akasema, "Na mshahara wangu?"

Tofali hilo alilijaribu kwa mhunzi, nami nilikuwepo. Kipande cha nta ya kampuni kiliwaka mara moja. Bati la risasi lilijikunja, likadondoka matone. Kisha akaliegemeza tofali lake nene kwenye mdomo wa tanuru, na nyuma yake akasimamisha mshumaa mdogo wa kanisani. Mhunzi akavuvia mpaka uso wa mbele ukawa mwekundu. Tofali likatoa jasho. Sikudanganyi, lilitoa mvuke na matone. Tulikaa mpaka mkaa ukaisha, na mshumaa ulikuwa bado wima. Mhunzi, mtu wa moto tangu ujana wake, aliusogelea mshumaa akauzunguka mara mbili, mdomo wazi. Mzee alisema, "Pima tena," na kesho yake tukarudi.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejenga kasha lote ndani ya stoo kwa matofali hayo, kuta mbili mbili, na mfuniko wake. Ndani, kando ya mashine, akasimamisha mshumaa ule ule. Nilidhani ni mambo ya Kikatoliki. Alisema ni shahidi.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyeshinda na mionzi alikuwa akiogopa radi kuliko mtoto. Ukisema unatoka Sumbawanga, watu wa mikoa mingine wanasogeza kiti, wanadhani sote tunatuma radi kwa barua. Na huyu Mzee wetu, wingu likinguruma tu, anavua saa, anaacha funguo, anakuja kukaa katikati ya mifuko yangu ya saruji, mbali na mabati. Nikimcheka ananiambia radi haina ratiba. Alikuwa mchoyo wa kalamu. Alikuwa haombi radhi. Akikukosea, kesho anakuletea boga.

Na kulikuwa na jambo la beji. Wafanyakazi wake wote walivaa kifuani beji ndogo ya plastiki inayokusanya mionzi, ili baada ya miezi mitatu ipelekwe kusomwa na ijulikane kila mmoja amepata kiasi gani. Aliyesahau beji alirudishwa nyumbani. Dereva wake aliwahi kusimamishwa wiki nzima kwa kuiacha kwenye shati chafu. Lakini yeye mwenyewe kifua chake kilikuwa kalamu tupu. Mafundi walinung'unika, mimi nikamwuliza wazi: "Mzee, kipimo chako kiko wapi?"

"Changu kiko kazini," akajibu.

Nikachukulia kwamba ni kiburi cha wakubwa. Wote tunawajua wakubwa.

Miezi hiyo hiyo mama naye alianza vituko. Wageni wakija kumjulia hali, anawaambia ameajiriwa barabarani. "Nipo na wakandarasi," anasema, amelala, shuka mpaka kidevuni. Niliona akili inamtoka, nikalia peke yangu stoo ya duka. Halafu siku moja nikitandika kitanda nikaona, kwenye msumari karibu na tasbihi yake, kitu kidogo bapa kilichoshonewa kwenye kitambaa cheusi. Sikuhitaji kuambiwa. Hirizi! Ndani ya nyumba ya baba yangu, na mama nilijua anapokea wageni wachache, na mmoja tu ndiye anayekaa dirishani kila siku. Nikaing'oa, nikaificha dukani kwenye kopo la misumari.

Mama alinuna siku nane. Alikula nusu, alisali, akanigeuzia mgongo. Siku ya nane akasema, "Rudisha kitu cha Mzee wa Maabara." Nikarudisha. Niliona haya kugombana na mgonjwa kwa ajili ya kitambaa. Kwa Mzee sikusema neno, ila moyoni nilimpunguzia heshima. Msomi mzima, anapima kila kitu, kumbe usiku anakwenda kwa waganga. Nilimhudumia kwa ufupi tangu hapo, na yeye hakuuliza.

Moto ulikuja mwaka wa pili, siku ambayo mashine haikwenda barabarani, baada ya adhuhuri, upepo ukiwa mkali. Kuna mtu alikuwa amewasha nyasi upande wa mashamba, na kabla sijafika kutoka Mazwi ulikuwa umeruka ukuta, umeshika maabara, matairi na madebe ya rangi yaliyokuwa nje ya stoo. Tulimtoa mama pamoja na godoro lake, mimi na mafundi wawili, tukamlaza kwa jirani. Moshi ulikuwa mweusi kabisa. Paa la stoo likaanguka, mlango ukaungua, na kibao cha njano kikapotea. Nilikaa chini ya ukuta wa jirani nikishika mguu wa mama, nikifikiria jambo moja: kama kile kitu kimefunguka, mama harudi tena dirishani kwake, na nyumba ya baba imekwisha.

Moto ulipozimwa, Mzee alifunga kamba, akatuweka wote nyuma yake. Akaingia peke yake, kipima mionzi mkononi, akitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Nilimwona akisimama. Akarudi hatua tatu, akaanza upya. Midomo ilikuwa inacheza, anahesabu. Mara tatu alifanya hivyo, sisi tumekauka. Kisha akaita fundi wake mmoja alete koleo, wakabandua mfuniko.

Matofali ya nje yalikuwa yamepasuka na kusagika kama chaki. Ya ndani yalikuwa mazima. Mzee akatuita kwa mkono. Nilisogea mpaka kwenye kamba, na kutoka pale nikaiona mashine, ya njano vile vile, na pembeni yake mshumaa. Ulikuwa umeinama kidogo tu shingoni. Mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele akapiga ishara ya msalaba, mimi nikasema Allahu Akbar kwa sauti, sikujijua. Yeye akakaa chini kwenye majivu, akafuta uso kwa kofia.

"Mama anaweza kurudi," akaniambia. "Lakini subiri. Nipime tena."

Wakaguzi wa serikali walikuja siku ya tatu na mashine zao, wakapata kile kile alichopata yeye. Kufikia hapo mama alikuwa amekwisha kurudi dirishani, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa msumari wake na kile kitambaa cheusi. Kilikuwepo. Chumba chake hakikuguswa.

Barabara iliisha, kampuni ikaondoka na mashine yake, Mzee akastaafu akahamia Kaoze, kule bondeni. Mama aliishi miaka mingine minne. Alifariki asubuhi, usingizini, kwa uzee tu, Mungu amrehemu.

Mwaka jana nilipeleka mabati Kaoze nikamtafuta. Nilimkuta kwenye kiti nje ya nyumba yake, amekonda zaidi, jicho moja limeingia ukungu. Wingu lilikuwa linanguruma kwenye milima na yeye ametulia tuli.

"Shikamoo Mzee. Radi umeisamehe?"

"Marahaba, mwanangu. Siisikii tena vizuri," akasema. "Mama hajambo?"

Nikamwambia. Alivua kofia kama siku ile kwenye tanuru. Kisha akaingia ndani akarudi na daftari la jalada gumu.

"Hii ni nakala yangu. Ni haki yenu kuwa nayo."

Lilikuwa daftari la beji. Majina ya wafanyakazi kushuka chini, miezi mitatu mitatu kwenda kulia. Dereva. Fundi wa mashine. Wapima udongo. Na katikati yao, kwa mwandiko wake mdogo, jina la mama yangu, jina lake kamili, na kwenye safu ya kazi ameandika: *Analala jirani na stoo.* Nikafuata mstari wake kwa kidole. Kila miezi mitatu, jibu lile lile: chini ya kiwango cha kupimika. Mahali pamoja palikuwa na maelezo: *Ilikosekana siku nane. Bibi anasema ilisafiri.* Nilisikia uso unanichoma. Nikatafuta miezi ya moto. Chini ya kiwango cha kupimika.

"Ile nyeusi," nikasema. "Kile kitambaa."

"Alikishona yeye. Alisema plastiki haipendezi karibu na tasbihi." Akatabasamu. "Hakutaka nikuambie. Alisema ukijua utaanza kumhurumia, na yeye alitaka kuwa mtu wa kazini."

Nikarudi kwenye ukurasa. Mstari wa mwisho ulikuwa wake mwenyewe. Jina, cheo, kisha safu tupu mwaka baada ya mwaka, na neno moja mwanzoni: *Hana.*

"Waliniletea beji za wafanyakazi tu," akasema, bila mimi kuuliza. "Niliomba moja zaidi, wakasema jirani si mfanyakazi. Nikaona wamekosea."

Miaka yote ile. Alikuwa ndiye anayeifungua mashine asubuhi na kuifunga jioni, ndiye aliyeingia kwenye majivu. Nikamwuliza kile ambacho mtu yeyote angemwuliza: yeye alipata kiasi gani?

Aligeuka akanitazama kwa lile jicho zima. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akijibu hivyo.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sikupima."